Kufufua na Kuboresha Gari Kuukuu la 4x4 kwa Kupiga Kambi Porini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Kuchagua na kukagua gari

Ni gari gani kuukuu linalofaa kwa kazi hii?

Gari linalofaa ni lile lenye fremu ya chuma iliyotengana na bodi, boksi la transfa (linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) lenye gia za nguvu za mwendo wa polepole, na vipuri ambavyo bado vinapatikana. Ndiyo maana majina yanayotajwa ni yaleyale miaka nenda miaka rudi: Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 60, 70 na 80, Nissan Patrol Y60, Land Rover Defender, na Suzuki Samurai kwa anayesafiri na mzigo mdogo. Mitsubishi Pajero nazo zimo, ila ni zile za vizazi viwili vya mwanzo, kwa kuwa kizazi kilichotoka mwaka 1999 kiliacha fremu inayojitegemea.

Kati ya sifa hizo tatu, upatikanaji wa vipuri ndio unaopuuzwa zaidi na ndio unaowaumiza watu zaidi. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilianza kuuzwa mwaka 1984 na bado inatengenezwa, kwa hiyo hata gari la miaka thelathini litapata sili, bushi na beringi mpya. Gari la nadra, hata likiwa zuri kuliko hilo, linaweza kukaa gereji miezi kadhaa likisubiri kifaa kimoja.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Anza na fremu. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, lakini fremu iliyooza hula fedha zote na bado gari haliaminiki. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na nyundo ndogo, kisha gonga taratibu urefu wote wa fremu: chuma kizima hutoa mlio mkali na nyundo hurudi mkononi, ilhali chuma kilicholiwa na kutu hutoa mlio butu na pengine huanguka magamba. Tazama zaidi pale fremu inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikizo vya springi, na popote palipopakwa rangi nyeusi mpya kuliko sehemu nyingine. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ina sababu yake, nawe una haki ya kuiuliza.

Kwenye Defender kagua pia ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini. Paneli nyingi za nje za gari hilo ni za alumini zilizofungwa kwenye chuma, na pale metali hizo mbili zinapogusana penye unyevu, huliana.

Omba injini iwe baridi utakapofika. Iwashe mwenyewe na uangalie moshi: mweusi unaoisha ukipunguza mafuta si jambo la kutisha sana kwenye dizeli ya zamani, wa buluu una maana kuwa oili inaungua, na mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto ni dalili ya dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Pumzi kali inayosukuma kifuniko huonyesha kuwa pete za pistoni zimechoka. Mwisho, ingiza gia za nguvu na uendeshe mita kadhaa, kwa kuwa magari mengi hayajawahi kuziingiza kwa miaka na mtambo huo hukwama kwa kutotumika.

Gari lililokaa miaka bila kuwashwa liwashwe vipi?

Lisiwashwe siku ya kwanza. Mwaga mafuta ya zamani yaliyomo kwenye tangi, badilisha filta na oili, kisha zungusha injini kwa mkono kwa kutumia spana kwenye puli ya kranki ili uhakikishe kuwa haijakwama. Kama injini inatumia mkanda wa taiming na historia yake haijulikani, ubadilishwe kabla ya kuwasha. Mkanda ukikatika, mara nyingi vali hugonga pistoni, na kazi ya siku moja inageuka kuwa ujenzi mpya wa injini. Breki za gari la namna hii zichukuliwe kuwa mbovu mpaka zifunguliwe na kuonekana nzima.

## Kufufua: kazi zinazotangulia mapambo

Nianze na nini?

Breki, stelingi, mfumo wa kupoza, kisha kutu. Ninasisitiza mpangilio huu kwa sababu wengi huanza na vitu vinavyoonekana, kama bampa ya chuma, taa na keria, wakavifunga kwenye gari lenye hosi za breki zilizopasuka kwa uzee. Kila kilo unayoongeza hulemea breki ambazo fundi wa kwanza aliyeliunda gari alizipanga kwa uzito fulani. Basi breki hizo ziwe angalau katika hali aliyoziacha.

Badilisha hosi zote za mpira za breki, hata zile zinazoonekana nzima, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, kwa kuwa hunyonya unyevu hewani, na mafuta yenye maji huchemka kwenye mteremko mrefu na kuacha pedali ikizama. Kwenye stelingi, mtu mmoja azungushe usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama, mwingine aweke vidole kwenye kila tairodi endi (jointi iliyo mwisho wa fito za stelingi). Ile iliyochoka utaisikia ikigonga kabla gurudumu halijageuka.

Kuna uji mweusi unavuja nyuma ya gurudumu la mbele. Ni hatari?

Swali hili huulizwa sana na wenye Land Cruiser na Patrol zenye ekseli nzima mbele. Nyuma ya gurudumu kuna tufe la chuma ambalo ndani yake mna jointi inayozungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona, nalo hujazwa grisi nzito. Sili ndogo iliyo mwisho wa ekseli huzuia oili ya difu (mtambo wa gia katikati ya ekseli unaogawa mzunguko kwa magurudumu mawili) isiingie humo. Sili hiyo ikichoka, oili huingia, hulainisha grisi ikawa uji mwepesi, na uji huo hupenya sili ya nje na kuchuruzika hadi kwenye tairi.

Gari litaendelea kutembea, na hapo ndipo watu hudanganyika. Difu inapungukiwa oili, jointi inapungukiwa grisi, beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia) zinakauka, na uji ukifika kwenye diski ya breki upande mmoja, gari huvuta kwa upande mwingine unapofunga breki. Tiba ni kufungua pande zote mbili, kuosha kila kitu kwa dizeli au mafuta ya taa, kubadilisha sili na beringi za kingipini, kisha kujaza grisi ya molibdeni. Usikubali kupewa kazi ya kubadilisha sili ya nje peke yake, uji utarudi. Wakati tufe liko wazi, pitisha kidole juu yake: mikwaruzo na vishimo vya kutu vitakata sili mpya, kwa hiyo visuguliwe kwa msasa laini mpaka pawe pameteleza.

Kutu itibiwe vipi ili isirudi?

Kutu ya juu husuguliwa hadi chuma cheupe kionekane, hupakwa dawa ya asidi ya fosfori inayogeuza mabaki yake, kisha praima ya epoksi na rangi. Kutu iliyotoboa haina dawa ya kupaka: kipande chote kikatwe hadi penye chuma kizima na kichomelewe kipya chenye unene uleule. Kubandika bati juu ya tundu kunafungia unyevu ndani, na uozo huendelea usikouona.

Kabla ya kuchomelea, tenganisha betri na oltaneta, na uondoe zulia na mabomba ya mafuta yaliyo karibu. Tangi la mafuta lishushwe. Tangi la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu ya mvuke wake. Kazi ikiisha, nyunyiza nta maalumu ndani ya fremu kupitia matundu yake, kwani fremu huoza kuanzia ndani.

Injini inapata joto kwenye mlima tu. Nibadilishe thamostati?

Inaweza kuwa ndiyo, lakini thamostati, vali inayofungulia maji ya kupoza injini ikipata joto, hulaumiwa kuliko inavyostahili. Rejeta iliyoziba nusu hupoza vizuri barabara tambarare na kushindwa gari linapopanda polepole likiwa na mzigo. Gari likiwa na joto la kawaida na limezimwa, pitisha mkono karibu na uso wa rejeta; sehemu zilizo baridi hazipitishi maji. Klachi ya feni nayo huchoka: injini ikiwa moto na imezimwa, feni izunguke kwa uzito, na ikizunguka kwa uhuru mizunguko kadhaa, imekufa. Kagua pia udongo na mbegu za nyasi zilizonasa kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, jambo la kawaida sana kwa gari la porini.

Rangi ipakwe lini?

Mwisho kabisa, baada ya safari za majaribio, kwa sababu bado utatoboa, utachomelea na utakwaruza.

## Kuboresha: tairi, kimo na nguvu

Tairi za ukubwa gani?

Kubwa kidogo kuliko za kiwandani zatosha. Kutoka tairi ya inchi 31 hadi 33 unapata inchi moja tu chini ya difu, yaani takribani milimita 25, lakini gia zote zinapungua nguvu kwa asilimia 6 hivi: gari linachoka mlimani, breki zinafanya kazi zaidi, na spidomita inaposoma 80 wewe unakwenda karibu 85. Anayebeba mzigo mwingi anahitaji ubavu imara wa tairi kuliko kipenyo.

Soma umri wa tairi ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT hueleza wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mapya lakini ya miaka zaidi ya kumi haifai safari ya mbali, na ile ya akiba iliyofungwa nyuma juani ndiyo husahauliwa mara nyingi.

Niinue gari kwa kiasi gani?

Milimita 50 hutosha kambi nyingi. Zaidi ya hapo mambo huanza kufuatana: hosi za breki zinakuwa fupi, pembe za propela (mhimili unaopeleka mzunguko kwenye ekseli) zinabadilika na kuleta mtetemo, na kwenye ekseli nzima yenye springi za koili, kama ya Land Cruiser 80, ekseli huzunguka kidogo kiasi kwamba usukani hupoteza tabia ya kurudi katikati wenyewe. Hilo hurekebishwa kwa bushi maalumu, na fundi anayeinua gari bila kuzungumzia bushi hizo apewe swali hilo kabla hajaanza.

Chagua springi kwa uzito utakaobeba kila siku. Springi nzito kwenye gari tupu hulirusha badala ya kulituliza, na tairi inayoruka haishiki. Shokomzoba zibadilishwe pamoja na springi.

Difu loki au winchi, kipi kitangulie?

Difu loki, kama unasafiri na magari mengine. Gurudumu moja likining'inia hewani, difu ya kawaida hupeleka mzunguko wote huko. Loki huyalazimisha magurudumu yote mawili ya ekseli kuzunguka pamoja, na gari hupita bila kukwama. Anayesafiri peke yake ana hoja nzuri ya kuanza na winchi, mashine ya kujivuta kwa kamba. Iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo, kwa hiyo gari la kilo 3,000 linahitaji winchi ya kilo 4,500, na kumbuka kwamba namba iliyoandikwa ni ya duru la kwanza la kamba kwenye ngoma; kamba iliyojikunja tabaka nyingi hupunguza nguvu. Uzito wa winchi yenyewe unajadiliwa katika swali la uzito hapa chini.

Nifunge tabo (mtambo wa kusukumia hewa ya ziada kwenye injini) kwenye dizeli isiyo nayo?

Inawezekana, kwa kiasi. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ya silinda sita na lita 4.2, ina uwiano wa mgandamizo wa 22.4 kwa 1 na haikuundwa kwa hewa ya kusukumwa. Ikiongezewa hewa na dizeli bila kipimo, joto hupasua silinda hedi au kuyeyusha pistoni. Anayeamua kufunga, aweke shinikizo dogo, afunge kipimo cha joto la moshi wa ekzosi mbele ya macho yake, na aondoe mguu kipimo kinapopanda mlimani. Bila kipimo hicho, afadhali abaki na mwendo wa polepole.

## Kambi: mzigo, malazi na umeme

Kwa nini kila mtu anazungumzia uzito?

Kwa sababu ndio unaovunja magari. Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibati chake, unaojumlisha gari, watu, mafuta na vitu vyote.

Chukua gari lenye kilo 2,250 likiwa tupu na kikomo cha kilo 2,950. Una kilo 700, na zinaonekana nyingi. Sasa hesabu: bampa ya chuma na winchi 90, keria 45, hema la juu 60, droo 60, betri ya pili 25, friji iliyojaa 40, maji lita 60 ambayo ni kilo 60, madebe mawili ya dizeli 42, tairi ya pili ya akiba 40, spana, vyombo na chakula 80, na watu wawili 150. Jumla ni kilo 692. Hakuna kiti cha kukalia wala begi la nguo, na umebakiwa na kilo 8.

Springi nzito hazipandishi kikomo hicho. Zinanyanyua nyuma ya gari lisionekane limelemewa, lakini breki, beringi, ekseli na fremu ni zilezile. Fremu nyingi hupasuka nyuma ya kabini, hasa kwenye pikapu zilizobebeshwa mzigo nyuma ya ekseli. Lipeleke gari kwenye mizani likiwa limepakiwa kama siku ya safari, upime kila ekseli peke yake, kisha uanze kupunguza. Vizito vikae chini na kati ya ekseli mbili. Juu viwekwe vyepesi tu.

Hema la juu, hema la chini, au kulala ndani?

Hema la juu hufunguliwa haraka na hukuweka mbali na matope, lakini ni kilo 50 hadi 70 mahali pabaya kuliko pote, na kila ukitaka kwenda dukani ni lazima uvunje kambi. Keria ina vikomo viwili, cha gari likitembea na cha gari likisimama, na cha kwanza ndicho kidogo. Kulala ndani ndiyo njia nyepesi kuliko zote kwa watu wawili, ikiwa gari ni refu. Hema la kawaida la chini halina aibu yoyote. Fedha iliyobaki inanunua tairi.

Anayelala ndani asipike humo wala asiwashe jiko la mkaa kwa joto. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Ninahitaji betri ya pili?

Ukiwa na friji, ndiyo. Friji ya kompresa ya lita 40 hadi 50 hutumia takribani ampea-saa 25 hadi 45 kwa siku kulingana na joto. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa siku moja hadi mbili bila kuwasha injini. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo hutoa karibu 80 na ni nyepesi zaidi. Kwa betri ya risasi, rilei inayoziunganisha betri mbili oltaneta inapochaji yatosha. Ya lithiamu iwekewe chaja yake, la sivyo huvuta mkondo mkubwa kupita kiasi na kuunguza oltaneta ya zamani.

Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Waya uwe mnene: friji inayozimika usiku ilhali betri ina chaji mara nyingi ina waya mwembamba tu unaopoteza volti njiani.

## Njiani na hali zisizo za kawaida

Nipunguze upepo wa tairi kiasi gani?

Kwenye changarawe psi 25 hadi 28 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) hulinda tairi na gari. Kwenye mchanga anza na 18, na ukikwama shuka hadi 15. Chini ya 12 tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona, kwa hiyo mwendo uwe wa taratibu. Beba kompresa, maana aliyepunguza lazima ajaze kabla ya lami.

Snokeli (bomba la kunyonyea hewa lililopandishwa juu) inaniruhusu kuvuka maji marefu?

Inazuia injini isinyonye maji, basi. Dizeli ikinyonya maji, pistoni hushindwa kuyagandamiza na rodi hupinda papo hapo. Lakini difu na giaboksi nazo hupumua kupitia vimrija vifupi. Difu iliyo moto ikizama kwenye maji baridi huvuta maji ndani kupitia mrija huo au sili. Refusha vimrija hadi juu kwenye injini kabla ya kununua snokeli. Baada ya kuvuka, fungua bolti ya kujazia difu: oili yenye rangi ya maziwa imwagwe siku hiyohiyo. Maji yanayokwenda kasi na kupita magoti yasivukwe.

Ninaweza kuvutwa kwa kutumia tufe la kukokotea trela?

Hapana, kamwe. Tufe hilo halikutengenezwa kwa mshtuko wa kamba ya kujinasua. Likikatika huruka kama risasi, na watu wameuawa nalo. Tumia ndoano zilizofungwa kwenye fremu kwa bolti imara, na kila mtu asimame mbali kuliko urefu wa kamba.

Gari langu lina mfumo wa volti 24. Nichukue volti 12 kutoka betri moja?

Usifanye hivyo. Baadhi ya Land Cruiser na Patrol za dizeli zina betri mbili zilizofuatanishwa, na ukiitumia moja pekee, hiyo itapungua huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi hadi zote mbili zife. Funga kibadilishi cha kushusha volti 24 kuwa 12 na vifaa vyote vya kambi vipite hapo.

Nibebe vipuri gani?

Vile ambavyo kukosekana kwake kunasimamisha gari: mikanda ya nje ya injini, hosi za rejeta, filta mbili za dizeli, beringi na sili za gurudumu moja la mbele, fyuzi, kros (jointi) ya propela, oili lita tano, na spana zinazoingia kwenye gari lako hasa. Jaribu kila kazi hiyo nyumbani kwa spana hizohizo kabla ya safari.

Marekebisho haya yanaathiri ukaguzi na bima?

Mara nyingi, ndiyo. Kubadilisha injini, kimo, ukubwa wa tairi au idadi ya viti ni mambo ambayo nchi nyingi hutaka yakaguliwe na kuandikwa kwenye kadi ya gari, na kampuni ya bima isiyojulishwa inaweza kukataa kulipa. Uliza kabla ya kazi kuanza, na utunze picha na risiti za kila hatua, hasa za kuchomelea fremu, kwa sababu mkaguzi hawezi kuona ndani ya chuma kilichokwisha kupakwa rangi.